Kwenu Nani Alianguka? Bartholomew Wabwire Anastaafu

Bw. Bartholomew Wabwire, mtunza faili na mpimaji wa mapigo ya moyo katika Kituo chetu cha Moyo hapa Busia, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili na miezi minane. Aliripoti kazini Jumatatu tarehe 1 Machi 1993, akiwa amevaa tai ya kuazima. Tai hiyo, kwa taarifa ya aliyemwazima, haijarudi mpaka leo.

Kamati ya ustawi imeniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha wageni wakisubiri chakula. Mimi Kevina Nasirumbi, muuguzi, nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo ya kuchangamsha ninayo mengi. Ila Mzee mwenyewe amenipa sharti moja, na sharti hilo limeuharibu ukurasa wa kamati. Mtaliona mbele.

Kwa Wasamia, Wabwire ni jina la aliyezaliwa usiku. Huyu wetu alizaliwa usiku lakini hakuna mfanyakazi aliyewahi kumtangulia kazini asubuhi. Alitoka kwake Lunyo kwa baiskeli gizagiza, na mlinzi alipofungua lango alimkuta ameshaketi kwenye ngazi akipangusa matope kwenye viatu. Kituo kilipohama kutoka jengo la zamani mwaka 1999, wengine wote walibeba viti na meza, yeye akabeba faili, na hakuruhusu mtu amsaidie. Alisema meza ikipotea inanunuliwa nyingine.

Mwaka 2004 kituo kilipewa mashine ya kwanza ya kuandika mapigo ya moyo kwenye karatasi. Hakukuwa na mtu wa kuiendesha. Wabwire alipelekwa mafunzo ya wiki mbili Tororo, akarudi na daftari lililojaa michoro ya milima na mabonde, na tangu siku hiyo akawa na kazi mbili kwa mshahara wa moja. Dawa ile ya kupaka kifuani kabla ya kubandika waya ni baridi sana, na wazee walikuwa wakiruka. Yeye aliishika kwanza kiganjani mpaka ipate joto. Ni jambo dogo, halimo katika mwongozo wowote, na wagonjwa waliokuwa wakipimwa kwingine walirudi kwake kwa sababu hiyo tu.

Wengi wenu mnaijua hadithi ya dereva wa lori. Foleni ya forodha ilikuwa imemkwamisha siku tatu, akaona heri apimwe moyo kuliko kukaa bure. Alipofungwa waya kumi na mashine ikaanza kuandika, alitokwa jasho, kisha akaungama mbele yetu kwamba ana mke wa pili Malaba. Alidhani mashine inasoma siri. Wabwire aliitazama ile karatasi kwa makini, akatikisa kichwa, akamwambia taratibu kwamba hata wa tatu anaonekana. Yule bwana alikiri na wa tatu.

Huyo ndiye Wabwire wa utani, na nataka mumkumbuke hivyo, kwa sababu ninaloliandika sasa linahusu utani uleule.

Mwaka 2011 tuliingia katika utafiti wa magonjwa ya moyo yanayorithiwa. Ilikuja fomu ya kurasa nne kwa Kiingereza. Hapa mpakani mgonjwa anaweza kuzungumza Kisamia, Kidhopadhola, Kiateso au Kijaluo, na lugha inayotukutanisha ni Kiswahili cha sokoni. Wabwire anaziongea zote. Akapewa fomu aitafsiri, akaifanya kwa majuma mawili, kwa mwandiko ule mzuri wa mtu aliyesomeshwa na masista. Tuliisifu sana. Mkuu wa kituo wa wakati huo alimzawadia saa ya ukutani, ile iliyoko juu ya kabati la faili.

Swali la kumi na nne aliliandika hivi: Je, katika familia yako kuna mtu mwenye ugonjwa wa moyo? Ukilisoma huoni kosa. Mimi mwenyewe nililisoma kwa wagonjwa mamia bila kuona kosa. Lakini muulize mwanamke aliyeolewa Lunyo habari za familia yake, atakupa habari za mume wake na watoto anaowapikia. Baba yake mzazi na ndugu zake hawamo. Hao ni kwao. Sisi wote tuliokuwa tukiuliza swali lile ni watu wa hapa, na nyumbani tunaongea vivyo hivyo. Tulipovaa makoti meupe tukasahau.

Mwaka 2012 alikuja mwalimu mmoja wa Kisoko, upande wa Tororo, aitwaye Herbert Owori. Alikuwa na kizunguzungu, na mapigo yake yalikuwa arobaini na moja kwa dakika wakati ya mtu wa kawaida hufika sabini. Swali la kumi na nne alijibu hapana, maana mke na watoto walikuwa wazima. Alipewa dawa na tarehe ya kurudi. Alirudi mara mbili, kisha akakoma. Tulidhani amepata nafuu.

Mwaka 2016, mwezi wa nane, alikuja mwanamke aliyeolewa Lunyo. Alikuwa ameanguka kisimani, akazinduka mwenyewe, akaona aibu kusema. Jina lake Apio. Kwa Wajopadhola, kama mjuavyo, Apio ni pacha aliyetangulia kuzaliwa na Adongo ni anayemfuata. Hakuna Apio asiye na mwenzake. Ndiyo maana hapa kwetu mtu akikutajia jina hilo, unamtania. Wabwire alimwandika kitabuni, akainua kichwa, akamuuliza:

"Na Adongo ako wapi?"

Apio alicheka. Akasema Adongo yuko Dabani analima mihogo, tena yeye ndiye mwenye nguvu kumshinda. Nami nilikuwepo nimemshika mkono nikihesabu mapigo, nikacheka pia. Yalikuwa arobaini na mawili. Kisha Wabwire akachukua fomu na kuuliza swali la kumi na nne kama lilivyoandikwa, Apio akajibu hapana, na hapana ikaandikwa.

Faili la Herbert lilikuwa limewekwa kwenye O na la Apio likawekwa kwenye A. Kwetu mtoto hapewi jina la baba yake. Ndugu watano wana majina matano, na kabati linalopangwa kwa majina haliwezi kujua kwamba wamelala kitanda kimoja utotoni. Daktari aliyemwona Apio alikuta mgonjwa mmoja peke yake, asiye na historia yoyote, akampangia arudi baada ya miezi sita, kama ambavyo daktari yeyote angefanya kwa karatasi tulizompa.

Apio alifariki mwezi wa tano mwaka 2018, akiwa kanisani, amesimama anaimba.

Boma la mume wake na la Wabwire yametenganishwa na shamba moja la muhogo. Mzee alikwenda mazishini kama jirani, akasaidia kupanga viti. Ulipofika wakati wa wasifu wa marehemu, mjomba mmoja alisimama na karatasi, akasoma kama inavyosomwa siku zote: amezaliwa na fulani, aliyeanguka ghafla akiwa kwenye pombe mwaka 1998, dada wa marehemu mwalimu Herbert Owori, aliyeanguka shambani mwaka 2014, pacha wa Adongo, ambaye tunaye hapa. Na Adongo akasimama ili watu wamwone. Sura ilikuwa ileile. Wabwire ameniambia kwamba hakusikia maneno mengine ya siku hiyo, hata mahubiri.

Jumatatu nilipofika nilimkuta ameketi sakafuni masjala, mtu wa miaka hamsini na mitatu, faili moja kwenye goti hili na jingine kwenye goti lile.

"Kevina," aliniambia, "huyu na huyu ni tumbo moja."

Nisimame hapa niwaeleze wageni wasio wa kazi hii ugonjwa wenyewe, na nitautumia mfano wa Wabwire maana wangu si mzuri. Kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini ndimo yanamotunzwa maagizo ya mwili mzima. Kiini kina ukuta. Ndani ya ukuta huo kuna wavu wa protini iitwayo lamini, unaoushika ukuta usibonyee. Nyumba ya udongo, Mzee huwaambia wagonjwa, unaona udongo, huoni fito, lakini kinachosimamisha nyumba ni fito. Jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza lamini huandikwa kwa herufi nne, LMNA. Ikiwa na herufi moja tu iliyokosewa, fito zinatoka dhaifu. Sehemu nyingine za mwili zinaweza kuvumilia miaka mingi. Moyo ni nyumba inayotikiswa mara laki moja kwa siku. Njia ya umeme wake huanza kuharibika, mapigo yanapungua polepole, na siku moja yanasimama au yanavurugika bila kumwarifu mwenyewe. Mzazi mwenye kosa hilo humrithisha mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi, na hurushwa upya kwa kila mtoto.

Kinga ipo. Ni kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, watu hukiita betri, kinachousukuma moyo ukichelewa na kuushtua ukivurugika. Lakini betri hapewi kila mwenye mapigo arobaini. Kinachomfanya daktari aharakishe ni kujua kwamba kwao walianguka. Kwa Apio tuliuliza habari za kwao katika utani, na katika fomu hatukuuliza.

Jumatano ya wiki ileile Wabwire alikwenda Dabani kwa boda boda, hakungoja gari la kituo. Adongo hakutaka kusikia. Alikuwa ametoka kumzika pacha wake, na huyu alikuwa anakuja na waya. Alimwambia yeye haumwi, na kwamba hospitali ndiyo iliyommaliza mwenzake. Wabwire hakubishana naye. Alikwenda tena Jumamosi, akakuta anamenya mihogo, akakaa akamenya pamoja naye. Mara ya nne ndipo aliponyoosha mkono apimwe. Arobaini na manne.

Damu yake ilipelekwa maabara ya mbali. Majibu yalichukua miezi kumi na minne, na miezi hiyo ndiyo iliyompa Mzee mvi mnazoziona. Kila asubuhi aliuliza kama barua imekuja. Kila Jumapili baada ya ibada alipitia Dabani kuhakikisha moshi unatoka jikoni kwa Adongo. Barua ilipofika mwezi wa saba mwaka 2019, ilisema LMNA. Tukaanza kuhangaika na rufaa, na Adongo alipandikizwa betri Kampala mwezi wa pili mwaka 2020. Wabwire alimsindikiza, akalala siku sita kwenye benchi. Walirudi Busia, na wiki chache baadaye barabara zikafungwa kwa sababu ya maradhi yale. Angechelewa mwezi mmoja zaidi, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Mwaka jana betri ile ilimshtua Adongo mara moja, akiwa shambani. Alianguka, akaamka, akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Kuhusu fomu, Mzee aliifumua yote. Swali la kumi na nne sasa ni hili: Kwenu ulikozaliwa, nani alianguka ghafla? Chini yake: Kwa mama yako je? Na kabla ya hapo mgonjwa huulizwa majina ya ndugu zake wa tumbo moja, walio hai na waliotangulia, na kila jina huandikwa. Alirudia faili za nyuma mia moja sitini na tatu za watu waliowahi kuzimia au kuwa na mapigo ya chini, akaenda kuwauliza upya, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa baiskeli yake, upande huu wa mpaka na upande wa Kenya. Alipata jamaa nyingine mbili zenye vifo vya kufanana. Mia moja na kumi aliwakuta wazima, wengine walikuwa wamehama. Kumi na tisa alikuta makaburi, na alirudi akaandika hilo pia kwenye faili zao, kila mmoja na tarehe yake.

Wakubwa walipotaka kuliita swali hilo kwa jina lake, alikataa. Walipomwandalia cheti cha kuagana naye, kikiwa kimeandikwa kwamba aligundua jamaa ya kwanza yenye ugonjwa wa lamini katika eneo letu, alikirudisha. Hapo ndipo aliponijia na sharti lake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniambia:

"Kevina, usiandike ati niligundua. Andika nilichelewa."

Nimeandika, Mzee. Lakini kwa kuwa kalamu ni yangu, naongeza la kwangu. Tulichelewa wote. Mimi niliyehesabu mapigo nilichelewa, daktari alichelewa, na hao waliotunga fomu kule kwao hawakuwahi hata kujua kwamba kuna kuchelewa. Wewe peke yako ndiye uliyekwenda kumenya mihogo. Najuta kwamba siku ile nilicheka, na najuta zaidi kwamba kwa miaka saba tumekuacha ubebe peke yako kitu cha watu wengi.

Maana tangu mazishi yale Bartholomew Wabwire hakumtania tena pacha. Walikuja kina Opio, yaani Apio wa kiume, kina Adongo, na hata mapacha wachanga wamebebwa na mama yao, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, chumba kizima kikisubiri aseme neno. Aliandika majina, akauliza maswali yote mapya, akainamisha kichwa. Madereva wa lori aliendelea kuwatesa kama kawaida. Pacha, hapana.

Jumanne iliyopita ilikuwa kliniki yake ya mwisho. Adongo alikuja kukaguliwa betri, kama anavyokuja kila baada ya miezi mitatu. Alikuja na Kate, binti wa Apio, mwenye miaka kumi na tisa. Shilingi ya Kate iliangukia upande mbaya. Tunampima kila miezi sita, na mpaka sasa moyo wake unakwenda vizuri. Wabwire alifungua kitabu, akaandika jina la Adongo, akataka kuendelea na mstari unaofuata. Adongo akaweka mkono juu ya kitabu.

Akamwambia kwamba miaka yote anaandikwa hapa na hajawahi kuulizwa. Kila mahali watu wanamuuliza, sokoni, kanisani, hata mpakani wakisoma kitambulisho, ila yeye tu. Akasema anajua ni kwa nini, na kwamba leo ni mwisho, amuulize.

Phiona, anayerithi meza yake, alijifanya anatafuta karatasi kabatini. Nilidhani Mzee hataweza. Kisha aliuliza, kwa sauti ndogo:

"Na Apio ako wapi?"

"Amelala Lunyo," Adongo alijibu. "Mimi niko."

Akaondoa mkono wake kitabuni, na Mzee akaandika mapigo: sitini na mawili.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru Bi. Loy, mkewe, kwa Jumamosi zote alizotukopesha mume, na tunamshukuru Mzee Wabwire kwa kila jina aliloliandika. Cheti kimechapwa upya. Kimeandikwa miaka yake ya kazi tu, kama alivyotaka, na saa ya ukutani anaondoka nayo.

Mzee, kapumzike, ulime, ulale mpaka jua litoke, ingawa hilo hatuamini. Maisha yako huko Lunyo yawe mema na marefu. Tutakuja kukutembelea, nasi umetufundisha cha kuuliza tukifika mlangoni, na tutaketi mpaka utujibu jina kwa jina: habari za kwenu?